Kutangulia si Kufika, Ila Kwenye Udongo

Jumamosi ya tarehe 7 Mei 2022, kwenye uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, jimbo la Kentucky, farasi 20 walifunguliwa malango ya Kentucky Derby. Mmoja wao, Summer Is Tomorrow, alichomoka kama anayefukuzwa na nyuki. Mita 400 za mwanzo alizikata kwa sekunde 21.78, kasi ambayo haikuwahi kuonekana mwanzoni mwa mashindano hayo tangu yaanzishwe mwaka 1875. Huko nyuma, karibu na mkia, alikuwepo Rich Strike, farasi aliyewahi kuchukuliwa kwa dola 30,000 tu na aliyeingizwa orodhani siku moja kabla, baada ya mwingine kuondolewa. Dakika mbili na ushei baadaye, Rich Strike alikuwa bingwa. Summer Is Tomorrow alikuwa wa mwisho. Aliyeweka dola 2 kwa Rich Strike aliondoka na dola 163.60.

Hapo shabiki wa methali atagonga meza: kutangulia si kufika! Asubiri kidogo. Mwaka 2002, kwenye uwanja uleule, War Emblem aliyepewa bei ya 20 kwa 1, yaani shilingi moja izae ishirini, alishika uongozi tangu mwanzo na wenzake hawakuona chochote ila mkia wake hadi kwenye utepe. Spend a Buck alifanya hivyo hivyo mwaka 1985. Mwaka 1988 ikawa zamu ya Winning Colors, jike wa tatu tu kushinda Derby katika historia yake, naye aliongoza mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2018 Justify alifukuzana bega kwa bega na aliyekuwa mbele kwa kasi ya kutisha, kwenye uwanja uliolowa mvua, akashinda, kisha akatwaa mataji yote matatu makubwa ya Marekani. Kila mwenye hoja ana farasi wa kumtolea ushahidi.

Ubishi huu una umri mrefu miongoni mwa wabashiri wa Marekani, na jina lake ni upendeleo wa kiwanja. Dai lenyewe ni kwamba kuna viwanja, na kuna siku, ambapo ardhi huwabeba farasi wanaotangulia na kuwaonea wanaosubiri nyuma, hata wawe bora kiasi gani. Kwa hiyo, wanasema, mwenye macho ataiona ardhi hiyo mapema na kujaza mkeka wake wa kubeti kwa watangulizi. Nusu ya kwanza ya dai hili ina ukweli mwingi. Nusu ya pili imewalia watu fedha zao kwa miongo kadhaa.

Anza na udongo. Viwanja vikuu vya Marekani huwa na njia ya nyasi kwa ndani, lakini mbio zenye majina makubwa hukimbiwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na udongo, unaotifuliwa kwa haro na kumwagiwa maji kati ya mbio na mbio. Kwato za farasi wa mbele hurusha mabonge nyuma kwa nguvu. Joki anayepanga kukaa nyuma huvaa miwani kadhaa, moja juu ya nyingine, akivuta chini ile iliyochafuka na kubaki na iliyo safi. Farasi anapigwa usoni na kifuani mita baada ya mita, na wapo wanaokunja masikio na kukataa kusogea. Aliye mbele hana habari hiyo. Anakimbia na upepo tu.

Halafu kuna kona. Anayekimbia mita moja nje ya mwenzake kwenye kona ya nusu duara huongezewa mita 3.14, hesabu ya darasani isiyo na ujanja wowote. Derby ina kona mbili za namna hiyo. Farasi anayelazimika kukaa mita tatu nje kwenye kona zote mbili amekimbia karibu mita 19 zaidi ya yule aliyeshikilia uzio wa ndani, na mita 19 ni kama urefu wa farasi wanane waliopangwa pua kwa mkia. Mtangulizi huchagua njia yake na kwa kawaida hujibanza kwenye uzio. Anayetoka nyuma hupita panapopitika, na mara nyingi ni kwa nje. Katika umati wa farasi 20, huenda pasipitike kabisa.

Ndiyo maana William Quirin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kilichotumia kompyuta kuchambua mbio nyingi za Marekani, alionyesha kwamba farasi wenye kasi ya mwanzo hushinda mara nyingi kuliko mgao wao wa kawaida. Alitunga hata alama za kuipima kasi hiyo, na wabashiri wanazitumia mpaka leo. Nyasi zina tabia nyingine. Ulaya, ambako nyasi ndizo zinazotawala, mbio nyingi huanza kwa mwendo wa kubembeleza na kuamuliwa na mfyatuko wa mita mia chache za mwisho. Lakini hata huko umbo la uwanja lina sauti yake. Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ni kiduara chenye mzingo wa zaidi kidogo ya kilomita moja na nusu, na farasi hapo hukata kona karibu muda wote. Anayepangiwa lango la ndani na kuwahi mbele huwa amepewa zawadi.

Ushahidi mzuri kuliko wote, hata hivyo, umetoka Keeneland, uwanja wa mjini Lexington, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Churchill Downs. Zamani njia yake ya udongo ilisifika, au ililaaniwa, kwa jambo moja: aliyewahi mbele na kushika uzio hakamatiki. Mwaka 2006 wenye uwanja wakaung'oa udongo wote na kumwaga Polytrack, mchanga uliochanganywa na nyuzi na mabaki ya mpira, ukapakwa nta. Lengo kubwa lilikuwa usalama wa farasi. Matokeo mengine yakaja yenyewe. Mabonge yakapungua, watangulizi wakaanza kukamatwa hatua chache kabla ya utepe, na majoki wakajifunza kuanza polepole. Mwaka 2007, kwenye mbio za Blue Grass zilizoanza kwa mwendo wa kobe, farasi watano walifika utepeni karibu pamoja na Street Sense akashindwa kwa pua na Dominican. Wiki chache baadaye Street Sense huyo huyo alishinda Derby juu ya udongo. Mwaka 2014 Keeneland ikarudi kwenye udongo, safari hii ukiwa na mifereji mipya ya kutolea maji, na Oktoba 2015 farasi American Pharoah akashinda hapo mbio za Breeders' Cup Classic akiongoza tangu mwanzo, kwa urefu wa farasi sita na nusu na rekodi ya uwanja. Uwanja mmoja, mji mmoja, wenyeji wale wale. Kilichobadilishwa ni kinachokanyagwa.

California ilipita njia hiyo hiyo. Bodi ya mbio za farasi ya jimbo iliamuru viwanja vikuu viweke mchanga bandia kufikia mwisho wa mwaka 2007, na uwanja wa Santa Anita ulipoandaa mashindano ya Breeders' Cup mwaka 2008, farasi waliozoea nyasi za Ulaya walifurahi kama wako nyumbani. Raven's Pass akashinda Classic. Curlin, mfalme wa udongo wa Marekani wakati huo, akawa wa nne. Mwaka uliofuata, hapo hapo, Zenyatta alitoka mkiani na kuwapita wote. Jike huyo alishinda mbio 19 kati ya 20 alizokimbia, na 17 kati ya hizo 20 zilikuwa kwenye mchanga bandia. Mbio pekee aliyopoteza ilikuwa ya mwisho, kwenye udongo wa Churchill Downs, mwaka 2010. Aliachwa mbali mno mwanzoni, akaja kama mafuriko, akashindwa kwa kichwa na Blame. Kwa haki yake isemwe pia kwamba alikuwa ameshinda mara mbili kwenye udongo wa Arkansas.

Basi upendeleo upo. Mbona wanaoujua hawatajiriki?

Kwanza, watu huuita upendeleo wa watangulizi hata pale ambapo ni upendeleo wa kitu kingine. Tarehe 4 Novemba 2006 Breeders' Cup ilikuwa Churchill Downs, na wachambuzi wengi waliandika kwamba siku hiyo njia ya kando ya uzio ilikuwa dhahabu. Street Sense alishinda mbio za farasi wa miaka miwili kwa urefu wa farasi kumi. Alipita uzioni, ndiyo, lakini alitoka nyuma! Aliyempanda, Calvin Borel, aliupenda uzio huo hadi mashabiki wakamtania kwa kumpa jina la uzio. Mwaka 2007 alimtoa Street Sense nafasi ya 19 na kumpitisha mle mle hadi ushindi wa Derby. Mwaka 2009, kwenye tope, alimtoa Mine That Bird mkiani kabisa kwa bei ya 50 kwa 1, akabana uzio na kushinda kwa karibu urefu wa farasi saba. Mwaka 2010 akarudia na Super Saver. Derby tatu ndani ya miaka minne, na siri yake ilikuwa kukimbia umbali mfupi kuliko wenzake. Aliyekuwa akihesabu "wa mbele" na "wa nyuma" tu asingeona chochote.

Pili, ipo hila iliyojificha ndani ya hesabu zenyewe. Mtu hukusanya matokeo, akakuta farasi walioongoza katikati ya safari wameshinda mara nyingi, akahitimisha kwamba kuongoza kunaleta ushindi. Lakini farasi bora huongoza kwa sababu ni bora. Farasi mchovu, mgonjwa au asiye na kiwango hurudi nyuma bila mtu yeyote kumpangia, naye huandikwa kwenye daftari kuwa "wa nyuma". Ukilinganisha makundi hayo mawili, sehemu ya tofauti unayoipata ni ya uwezo wa farasi, na unaisingizia ardhi. Zaidi ya hapo, nani atakayeongoza hujulikana malango yakishafunguka, wakati dirisha la kubeti limefungwa. Mkeka hujazwa kwa kubahatisha nani atawahi, na kubahatisha huko kuna makosa yake.

Tatu ni ule ugonjwa wa kusoma siku. Mbio tatu za kwanza zimechukuliwa na watangulizi, na jukwaani minong'ono imeshaanza: leo uwanja unabeba wa mbele. Tuseme kwenye uwanja usio na upendeleo wowote, anayeongoza mwanzo hushinda mara 3 katika kila mbio 10. Katika siku ya mbio 8, uwezekano wa watangulizi kushinda 5 au zaidi kwa bahati tupu ni kama 6 katika 100. Ni siku moja katika kila 17. Uwanja wenye siku 170 za mbio kwa mwaka utapata siku kama kumi za namna hiyo bila udongo kuwa na kosa lolote, na katika kila moja ya hizo kumi watu wataapa kwamba wameuona upendeleo kwa macho yao. Wakati huo huo wafanyakazi wa uwanja hawalali. Mvua ikinukia, wanaushindilia udongo ili maji yateleze juu. Jua likichoma, magari ya maji yanapita. Kilichokuwa kweli saa saba mchana huenda kimeoshwa saa kumi.

Lakini hata anayekwepa mitego hiyo mitatu anakutana na mtego wa nne, nao ni mkubwa kuliko mingine: bei.

Marekani, kama Ufaransa ambako mfumo huu ulibuniwa na Pierre Oller katika miaka ya 1860, wabashiri kwa kawaida hawabeti dhidi ya kampuni. Wanabeti wao kwa wao. Fedha zote huingia chungu kimoja, uwanja hukata chake, kinachobaki hugawiwa walioshinda. Churchill Downs ilipandisha makato mwaka 2014 hadi asilimia 17.5 kwa mikeka ya kawaida na asilimia 22 kwa ile ya kuunganisha farasi kadhaa. Sasa fanya hesabu. Farasi mtangulizi ana nafasi 3 kati ya 10, na upendeleo wa kweli wa kiwanja umempandisha hadi 4 kati ya 10. Hayo ni mabadiliko makubwa sana. Ikiwa umati umeshayaona na kumwekea asilimia 40 ya fedha zote, kila shilingi 100 yako italipwa 206 akishinda. Kwa kuwa atashinda mara nne tu katika kumi, kwa wastani unarudishiwa shilingi 82 na senti 50. Umepatia, na umeliwa. Umati ukimwekea asilimia 33, unarudisha fedha yako mwenyewe bila hasara wala faida. Ni pale tu umati unapolala, ukamwekea asilimia 30 kama siku zote, ndipo shilingi 100 inapokuwa 110.

Faida yote, kwa maneno mengine, iko katika kujua jambo ambalo wengine hawalijui. Na upendeleo wa watangulizi wanaujua wote! Andrew Beyer, aliyekuwa mwandishi wa safu ya mbio za farasi katika gazeti la The Washington Post, aliuandika vitabuni katika miaka ya 1970 na 1980. Vipimo vyake vya kasi huchapishwa katika gazeti la Daily Racing Form tangu mwaka 1992, karibu na nafasi ya kila farasi katika kila hatua ya mbio zake zilizopita. Siri iliyochapishwa na kuuzwa kwenye meza ya magazeti ni mali ya umma. Mmoja wa waliofanikiwa sana katika mchezo huu, Bill Benter, alihamia Hong Kong katika miaka ya 1980 na kuvuna mamilioni ya dola kwa kompyuta. Alipoeleza njia yake mwaka 1994, jambo moja lilisimama wazi: hakuzidharau bei za umati. Alizichukua na kuzichanganya ndani ya hesabu yake, kwa kuwa umati ulikuwa umeshaona mengi ambayo kompyuta haikuyaona. Mwenye daftari la mkononi na mbio tatu za alasiri moja anajiona mjanja kuliko Benter kwa msingi gani?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, somo la udongo lina mipaka. Uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaoendeshwa na Jockey Club of Kenya, ni wa nyasi, na kanuni za Kentucky hazihamishiki hapo kwa kubadilisha jina tu. Farasi ambao vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huwabetia kwenye skrini za maduka ya kubeti ni jambo jingine kabisa. Hao ni picha za kompyuta, na mshindi wao huamuliwa na mashine ya namba za nasibu. Hawana kwato wala kona. Anayekaa mbele ya skrini hiyo akiandika kwamba "leo wa mbele wanashinda" anaandika historia ya kitu kisichokuwepo, na ndugu zake wamwambie hivyo.

Mahali ambapo Mswahili anaweza kuutazama upendeleo wa kiwanja bila kuchaniwa mkeka ni Dubai. Sheria za huko hazimruhusu kubeti uwanjani, kwa hiyo anayehudhuria uwanja wa Meydan hubaki na shindano la bure la kutabiri washindi, na macho yake. Meydan ilifunguliwa mwaka 2010 ikiwa na mchanga bandia, ikahamia udongo kwa msimu wa 2015, na tangu hapo imepata sifa ya kuwabeba watangulizi. Thunder Snow aliongoza na kushinda Dubai World Cup ya mwaka 2018 kwa rekodi ya uwanja. Mwaka mmoja kabla yake, Arrogate alikuwa amechelewa kutoka langoni, akabaki wa mwisho, mabonge yakimpiga uso mzima, akawapita wote na kushinda.

Machi 2023 Ushba Tesoro, farasi wa Japani, alianzia mkiani katika Dubai World Cup hapo Meydan na kuwazoa wote kwenye sehemu ya mwisho. Machi 2024 alirudi kutetea taji, akakimbia kwa mtindo ule ule, akawapita wote tena isipokuwa mmoja. Laurel River alikuwa ameshika uongozi mapema, na Ushba Tesoro akamaliza wa pili, urefu wa farasi nane na nusu nyuma yake.